Tangazo Haliezeki Paa

Beit al-Ajaib ilikuwa na kila hifadhi ambayo kalamu ya serikali inaweza kuipa nyumba. Ilikuwa ndani ya mipaka ya Mji Mkongwe wa Unguja, ambao tangu mwaka 1985 umewekewa mamlaka yake maalumu ya uhifadhi. Ililindwa na sheria ya mwaka 1994, kisha na sheria mpya ya mwaka 2010. Mwaka 2000 mji mzima, nayo ikiwamo, uliandikwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia. Iligeuzwa makumbusho, na mgeni aliyekuja kwa njia ya bahari aliiona kabla hajaona kitu kingine. Mwaka 2012 sehemu ya roshani yake ilianguka, milango ikafungwa. Tarehe 25 Desemba 2020, mafundi wakiwa kazini katika ukarabati uliogharimiwa na Serikali ya Oman, sehemu kubwa ya jengo pamoja na mnara wa saa ikaporomoka. Watu wawili walifariki.

Baina ya tarehe hizo mbili kuna miaka minane. Tutairudia miaka hiyo, kwani ndimo lilimo suala letu.

Yaliyosemwa baada ya msiba yalikuwa mengi, na mengi yalihusu nani alaumiwe. Jambo hilo lina watu wake na vyombo vyake. Sisi ambao kazi yetu ya maisha imekuwa kusoma nyaraka tunauliza jingine: ile hifadhi yenyewe ilikuwa kitu gani? Serikali inapolitangaza jengo kuwa la kihistoria, inakuwa imefanya nini hasa siku ile, na siku ya pili yake, na masika yanayofuata?

Husemwa kila ukuta unapoanguka kwamba sheria ipo ila haifuatwi. Kauli hii imezoeleka mno hata hakuna anayeipima. Kwa Beit al-Ajaib sisi hatuikubali. Hakuna aliyeibomoa, hakuna aliyeiuza, hakuna aliyeipandishia ghorofa juu yake wala kuigeuza duka la nguo. Yale makubwa ambayo sheria iliyakataza hayakufanywa. Ikaanguka hata hivyo. Kwa hiyo inafaa tuiangalie sheria yenyewe kama tunavyoangalia waraka wowote wa zamani: imetoka wapi, iliandikwa kwa ajili ya nini, na imenyamaza wapi.

Sheria hizi zina nasaba. Bunge la Uingereza lilipitisha sheria yake ya kwanza ya kulinda mambo ya kale mwaka 1882, ikiwa na orodha ya mahali 68, sehemu kubwa vilima vya makaburi na duara za mawe za watu wa kabla ya historia, Stonehenge ikiwa ya kutajwa zaidi. Sheria iliyoikamilisha mwaka 1913 iliziacha nje nyumba zinazokaliwa na watu, na makanisa ambayo bado yanasaliwa. Fikra yake ilikuwa wazi: kitu cha kale ni kile ambacho hakina tena mwenye kukitumia, na serikali inakuja kuwa mlezi wa yatima. Lord Curzon aliipatia India sheria yake mwaka 1904, na fikra hiyo ikasafiri kwa njia za utawala mpaka pwani yetu. Zanzibar ilipata dikrii ya kuhifadhi mambo ya kale mwaka 1927, Kenya ikapata sheria yake mwaka huo huo, na Tanganyika mwaka 1937.

Kwa Gede sheria ya namna hiyo ilifaa. Mji ule ulikuwa umehamwa tangu karne ya 17, msitu umeufunika, na wenyeji wa karibu waliuogopa zaidi ya walivyoutamani. Magofu yanataka mambo machache: mizizi ikatwe, mawe yasiibiwe, awepo mlinzi. Gede ilitangazwa mwaka 1927, ikawa hifadhi ya taifa mwaka 1948, na mwaka 2024 ikaingia katika orodha ya Urithi wa Dunia. Hatuna ugomvi na historia hiyo. Ugomvi wetu ni kuichukua nguo iliyoshonewa gofu na kuivisha nyumba yenye watu, jiko, choo na mpangaji anayedaiwa kodi.

Baada ya uhuru nguo haikushonwa upya, ilibadilishwa vifungo. Sheria ya Tanzania Bara ya mwaka 1964 ililinda kwa ujumla majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863, kama kwamba mtungaji alihesabu karne moja kwenda nyuma akapiga mstari. Lililojengwa baada ya hapo humngojea waziri alitangaze. Boma la Wajerumani la Bagamoyo, la mwaka 1897, liko upande wa pili wa mstari huo, pamoja na sehemu kubwa ya nyumba za wafanyabiashara wa zama za misafara. Sheria hiyo haifiki Zanzibar, kwa kuwa mambo ya kale si jambo la Muungano. Lau ingefika, Beit al-Ajaib, iliyojengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883, ingeambiwa bado ni kijana. Kenya nayo inaitazama 1895 inapoamua ni vyombo gani ni vya kale. Mwanafunzi wa historia anaweza kucheka, lakini mstari wa mwaka si kasoro kubwa kuliko zote. Waziri mwenye nia anaweza kuuvuka kwa tangazo moja katika Gazeti Rasmi.

Kasoro kubwa imo katika vitenzi. Hesabu vitenzi vya sheria hizi: kutangaza, kuorodhesha, kukataza, kutoa kibali, kunyima kibali, kukagua, kutoza faini. Vyote vinamtazamia adui mwenye nyundo. Ni vitenzi vizuri na tungependa vitumike zaidi. Lakini nyumba za Mji Mkongwe haziuawi na nyundo. Zinauawa na maji.

Wasomaji wetu wengi wamezaliwa au wamelelewa ndani ya nyumba hizi, lakini vijana wao hawajaziona ila kwa picha, basi tueleze. Ukuta umejengwa kwa mawe ya matumbawe na udongo mwekundu uliochanganywa na chokaa, mnene kiasi cha dhiraa moja au zaidi. Juu ya kuta zinalazwa boriti za mikoko, nazo ndizo zinazoamua upana wa chumba. Hakuna boriti ya kuvuka ukumbi mkubwa, ndiyo maana vyumba vyetu ni virefu na vyembamba. Juu ya boriti hupangwa mawe, kisha zege ya chokaa iliyopigwa kwa magongo siku nyingi, wanawake wakiimba. Nyumba hii inapumua. Mvua ikiilowesha, jua na upepo wa bahari huikausha, kwa sharti moja: maji yasitulie juu. Bati likitoboka, au mfereji wa paa ukiziba kwa majani, maji hushuka ndani ya ukuta mpaka pale kichwa cha boriti kilipozikwa. Kichwa kinaoza kimya kimya. Kutoka chumbani boriti inaonekana nzima. Siku moja ghorofa nzima inashuka, na majirani wanasema nyumba imeanguka ghafla.

Fundi wa kisasa huja na saruji. Anapiga lipu ya saruji juu ya ukuta wa chokaa, inapendeza kwa mwaka mmoja, na ndani yake unyevu umefungiwa usipate pa kutokea. Mara ngapi tumeona ukuta uliotengenezwa ukifa kabla ya ukuta uliosahauliwa!

Beit al-Ajaib si nyumba ya kawaida, ina nguzo za chuma na kumbi pana kuliko boriti yoyote, nayo iliguswa na mizinga ya Waingereza tarehe 27 Agosti 1896 ikasimama. Beit al-Hukm, jirani yake, haikusimama. Baada ya vita ule mnara wa saa ukaunganishwa na uso wa jengo. Lakini maji hayabagui nasaba ya nyumba. Methali ya ufa na ukuta kila mtoto wa skuli anaijua, na miaka minane tangu roshani ianguke ni masika minane na vuli minane. Sasa tafuta katika sheria ni nani aliyepaswa kupanda juu ya paa lile kila Februari, kwa fedha ya fungu gani, na akishindwa amjibu nani. Utakuta mamlaka, bodi, wizara, idara na kamati. Mtu mwenye ngazi humpati.

Hapa ndipo tunapoona ajabu, kwani pwani hii ilikuwa na sheria yenye mtu mwenye ngazi. Jina lake ni wakfu.

Mafakihi wamelijadili jambo hili kwa karne nyingi, na Wahanafi wamelisema kwa uwazi zaidi: pato la wakfu huanza na matengenezo ya mali yenyewe. Kabla ya mjukuu kupewa fungu lake, kabla ya maskini, hata kabla ya imamu, paa linazibwa. Na hilo linasimama hata kama mwenye kuweka wakfu hakulitaja, kwa sababu alikusudia sadaka ya kudumu, na nyumba iliyoanguka haina pato la kudumu. Ona mpangilio wake. Mali inatajwa kwa mipaka yake minne. Mutawalli anatajwa kwa jina, na baada yake nani. Fedha inatajwa inatoka wapi: maduka mawili chini ya nyumba, au shamba la minazi. Na daraja la matumizi linajulikana. Waraka wa wakfu unaweza kuwa ukurasa mmoja, na katika ukurasa huo yamo mambo matatu ambayo sheria zetu za uhifadhi zimeshindwa kuyaweka pamoja kwa karibu miaka mia: kitu, mtu na pato.

Ukitaka ushahidi nenda Kizimkazi Dimbani. Maandishi ya Kikufi katika mihrabu ya msikiti ule yana mwaka 500 wa Hijra, sawa na 1107 Miladia. Kuta nyingi tunazoziona zilijengwa upya katika karne ya 18, paa la sasa ni la mabati na halina uzuri wowote, nalo ndilo lililouweka msikiti hai. Watu wanasali humo leo. Hakuna jumba la mfalme katika pwani yetu lenye umri kama huo likiwa bado linafanya kazi iliyojengewa.

Tusije tukafahamika kwamba tunauremba wakfu. Wapo mamutawalli waliokula pato na kuacha paa. Zipo jamaa za misikiti ambazo kwa mapenzi yao zimevunja mihrabu ya miaka mia mbili zikaweka vigae vinavyong'ara, na hapo sheria ya kukataza ndiyo inayotakiwa, na mapema. Wakfu nao ulipata madhila yake. Mwanzoni mwa karne ya 20 utawala wa himaya uliunda Kamisheni ya Wakfu, ukaingiza ofisi baina ya nyumba na mutawalli. Daftari zilipangika, na historia inazishukuru, maana bila daftari zile kazi kama ya Abdul Sheriff juu ya misikiti na wafanyabiashara wa Mji Mkongwe ingekuwa ngumu kuandikwa. Lakini mutawalli aliyekuwa akiishi mlango wa pili akageuka faili. Baada ya mwaka 1964 nyumba nyingi za watu zilitaifishwa, serikali ikawa mwenye nyumba mkubwa, na kodi zikawekwa ndogo mno, za serikali na za wakfu pia. Kodi ndogo ni rehema kwa mpangaji. Ila nyumba isiyoleta hata bei ya chokaa inajila yenyewe, na mpangaji anamalizikia kulala chini ya boriti iliyooza. Rehema hiyo imegharimu roho za watu.

Nyumba zilizobaki mikononi mwa wenyewe zina balaa jingine, na hili linawahusu wasomaji wa jarida hili moja kwa moja. Babu aliacha nyumba Malindi au Shangani. Wanawe walikuwa saba, wajukuu ni arubaini, wako Maskati, Dubai, London, Mombasa na Toronto. Kila mmoja ana sehemu ambayo ukiiandika kwa hesabu za mirathi inajaza mstari mzima. Hakuna anayeweza kutengeneza bila ya idhini ya wengine. Hakuna anayetaka kutoa fedha wengine wakanufaika. Na mpangaji hatengenezi kwa kuwa nyumba si yake. Mamlaka inaandika barua ya onyo kwa mtu aliyekufa mwaka 1978. Sheria ya hifadhi inamtambua mmiliki kama mtu mmoja mwenye anuani moja. Haimjui mrithi wa sehemu moja katika mia moja na sitini na nane. Na nyumba ya namna hii si moja wala kumi.

Uingereza wenyewe, tuliochukua kwao ile nguo, waliona mapema kwamba mji unaoishi unahitaji kitu kingine. Tangu mwaka 1947 wana orodha tofauti kwa majengo yanayotumika, na sheria yao ya mwaka 1990 inaliruhusu baraza la mji kuziba paa la nyumba iliyoorodheshwa na kumdai mmiliki gharama. Akipuuza ilani ya matengenezo, nyumba inaweza kununuliwa kwa lazima. Wapo wataalamu wanaotaka utaratibu huo uhamishiwe Unguja kama ulivyo. Sisi tungesita. Katika mji ambao nyumba zilichukuliwa kwa amri watu wakiwa bado wanazikumbuka funguo zao, kuipa serikali njia mpya ya kuchukua nyumba kutazaa hofu kabla hakujazaa paa. Lililo jepesi na la haki zaidi ni sheria iwaruhusu warithi wamteue wakili mmoja wa nyumba, aandikwe, awe na uwezo wa kutumia kodi kwa matengenezo kwanza na kugawa kinachobaki. Huo ni wakfu usiokuwa na jina la wakfu. Kadhi hataona kigeni ndani yake.

Tuje huku kwetu tulikohamia, maana si haki kuikosoa Zanzibar peke yake. Oman ilikuwa na wizara ya turathi tangu mwaka 1976, sheria ya kuzilinda tangu 1980, na sheria mpya ya urithi wa kitamaduni tangu 2019. Ngome ya Bahla, ya zama za Banu Nabhan, iliingia katika Urithi wa Dunia mwaka 1987, na mwaka uliofuata tu ikawekwa katika orodha ya mahali palipo hatarini, kwa kuwa tofali za udongo zilikuwa zikiyeyuka kila mvua. Ilitolewa hatarini mwaka 2004. Miaka 16 ya kazi na fedha nyingi, na matokeo yake yanaonekana: ngome imesimama. Serikali yenye uwezo na nia inaweza kuiokoa ngome, hilo halina mjadala. Lakini pita Dakhiliya utazame hara za udongo ambazo watu walihama baada ya 1970 kwenda nyumba za saruji. Ngome imepigwa lipu, hara iliyoizaa ngome haina paa. Tangazo limechagua mnara likawaacha watu. Pale Nizwa, katika Harat al-Aqr, nyumba za udongo zilianza kufufuka wenyeji walipoweka mitaji yao na kuzigeuza nyumba za wageni. Baadhi ya mapambo yao hatuyapendi. Paa zao hazivuji.

Na Oman imetupa somo jingine chungu, ingawa ni la wanyama. Hifadhi ya choroa wa Arabuni iliandikwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1994. Mwaka 1996 walikuwako choroa 450. Mwaka 2007, walipobaki kama 65 na serikali ikiwa imeamua kupunguza eneo kwa asilimia 90, Kamati ililifuta jina lake. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mahali popote duniani kufutwa. Mstari uliochorwa kwa amri ulifutwa kwa amri. Walinzi wa kabila la jirani waliokuwa wakiwafuata wanyama wale jangwani hawakuwa na sauti katika mstari wenyewe.

Kinyume chake ni aflaji. Mwaka 2006 mifereji mitano ya Oman iliandikwa kwa niaba ya kiasi cha 3,000 inayotiririka mpaka leo. Falaji ni jengo la kihistoria lililo kubwa kuliko ngome yoyote, sehemu yake kubwa imo chini ya ardhi, nayo imetunzwa karne kwa karne bila ya idara ya mambo ya kale. Ina wakili wake, ana daftari lake. Maji yamegawanywa kwa mafungu ya saa, na baadhi ya mafungu hayana mwenyewe: ni ya falaji yenyewe, yanapigwa mnada, na fedha yake ni ya kuchimbua tope na kujenga panapobomoka. Fungu la maji la nusu saa huitwa athar, neno lile lile ambalo wingi wake, athaar, Waarabu wanalitumia kwa mambo ya kale. Kiswahili kililichukua neno hilo kikalipa maana ya madhara, na kwa namna majengo yetu yanavyokwenda pengine lugha iliona mbali. Serikali ilipoiandika aflaji haikuwapa mlinzi mpya. Iliwakuta walinzi kazini ikawaongezea heshima ya sheria. Huo ndio utangazaji tunaouona umekamilika.

Kuna jambo la Mambo Msiige ambalo hatuwezi kulipita kimya. Nyumba ile ya Shangani, ya katikati ya karne ya 19, ilikuwa katika orodha, ikawa na ofisi za serikali. Ikakodishwa kwa ajili ya hoteli, na uwanja wa wazi kando yake ukajengwa jengo jipya. Kamati ya Urithi wa Dunia ililalamika zaidi ya mara moja, hoteli ikafunguliwa mwaka 2015. Tulikuwa miongoni mwa waliochukizwa na kupotea kwa uwanja ule, na bado tumechukizwa. Watoto wa Shangani walikuwa na mahali pa kuchezea mpira, sasa hawana. Lakini mtu mkweli atasema na hili: mwaka 2020 nyumba ya Mambo Msiige ilikuwa kavu na Beit al-Ajaib ilikuwa inalowa. Mwenye hoteli ana sababu ya kuziba paa kila siku. Makumbusho hayakuwa na sababu hiyo katika maandishi. Ikiwa tunachukia kwamba biashara inatunza kuliko serikali, tuipe serikali wajibu unaofanana na wa mfanyabiashara, ambao ukikosekana kuna mtu anapata hasara.

Suala hili si la vitabuni tu. Beit al-Ajaib ikisimama tena, sherehe itafanywa, hotuba zitasomwa, na fedha za Oman zitashukuriwa kama inavyostahiki. Sisi tunachohofia ni siku ya baada ya sherehe. Jengo jipya lililokabidhiwa kwa sheria ile ile litaanza kuzeeka kwa mwendo ule ule, na safari hii halitakuwa na mawe ya Barghash yote ya kulizuia.

Kwa hiyo tunaomba, pamoja na mawe na chuma, iandikwe hati. Serikali ya Zanzibar iziwekee Beit al-Ajaib, Ngome Kongwe na Beit al-Sahel mfuko mmoja wa amana, usioingia hazina kuu. Sehemu maalumu ya kila tiketi ya makumbusho na kodi ya maduka ya serikali ya pale Forodhani ziingie humo moja kwa moja. Ikiwa Oman inataka kuongeza mchango, basi nusu ya mchango huo iwe mali yenye pato, nyumba za kukodisha mathalani, badala ya kutumika yote kwa makontrakta. Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana inajua kuandika hati za namna hiyo, itakiwe iandike. Mhandisi mmoja na fundi mkuu wa chokaa watajwe kwa vyeo, wapewe ufunguo wa paa, na fungu la matengenezo litolewe kabla ya mishahara ya bodi. Na kila mwaka, kabla Machi haijaingia na masika hayajaanza, wachapishe katika Gazeti Rasmi, kurasa zile zile za matangazo, ripoti ya paa: limekaguliwa lini, limevuja wapi, limezibwa kwa shilingi ngapi.